Babu mkuu aliyetoka Kutch akafungua duka la nguo Dar: wajuzi wa makaratasi ya zamani piteni humu

KitukuuWaKisutu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Baba yake babu alitoka Kutch, India, akafungua duka la nguo hapa Dar. Ukoo ni Khatri, Waislamu. Wazee waliojua alikuja mwaka gani na kutoka kijiji gani wameshatangulia. Vilivyobaki ni hivi:

Daftari refu la hesabu lenye jalada la kitambaa chekundu, limeandikwa Kigujarati, pembeni limeliwa na mende.
Kibao cha mti ukubwa wa kiganja, chini kimechongwa maua, kina vitundu vidogo vilivyotobolewa.
Bahasha tatu zenye stempu. Barua zenyewe hazimo.
Picha ya duka. Ubao wa juu unasomeka nusu: "& Sons", "P.O. Box" na "Kichwele".

Kila ofisi swali ni lile lile: jina kamili na mwaka wa kuzaliwa. Ndivyo nisivyonavyo. Naanzia wapi?

Mpemba_Hodari
Nimevuta mkeka, nasubiri wenye uzi wao.

Dawati_la_Upanga
Karibu dada. Kwanza liache jina. Najua linasikika kichekesho, lakini kwa watu waliotoka Gujarat na Kutch jina ndilo kitu kinachoteleza kuliko vyote. Mtu aliitwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na "Khatri" iliwekwa karani akitaka. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa chini ya H, I na K katika ofisi tatu tofauti. Ongeza tahajia: Ibrahim ni Ebrahim, Yusuf ni Essop au Isap, Ismail ni Esmail, Haji ni Hajee, na mkiani unabandikwa "bhai" au "ji" kama heshima. Karani wa pili anafikiri heshima ile ni sehemu ya jina, basi imekwisha.

Duka haliendi mbio namna hiyo. Lina mtaa, lina sanduku la posta, lina leseni, lina kiwanja na lina wadai. Fuata duka, mtu utamkuta ndani.

Kabla ya ofisi yoyote, yape umri makaratasi uliyonayo. Bahasha ni rahisi:

- Stempu ya "Deutsch-Ostafrika" yenye thamani kwa "pesa" (sarafu ndogo ya wakati ule, 64 kwa rupia) ni kabla ya 1905. Yenye heller (sehemu ya mia ya rupia) ni 1905 kwenda mbele.
- Stempu ya Afrika Mashariki na Uganda iliyopigwa juu herufi G.E.A. ni kati ya 1917 na 1922.
- Kichwa cha twiga na neno Tanganyika, kuanzia 1922.
- Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja kwenye stempu moja, kuanzia 1935.

Usizibandue. Muhuri uliokatiza kutoka stempu hadi kwenye bahasha ndio wenye tarehe na jina la posta, na ukibandua unabaki na nusu. Bahasha iliyotoka India igeuze nyuma, mara nyingi posta iliyopokea ilipiga muhuri wake huko. Posta ndogo ya Kutch ikionekana umekaribia kijiji kuliko kitabu chochote kitakavyokukaribisha. Tafuta neno "Cutch" kwa C, Waingereza waliandika hivyo.

Picha nayo inazungumza. Kichwele ndiyo Mtaa wa Uhuru wa leo, kwa hiyo ubao ule ni wa kabla jina halijabadilishwa. Kwa kanuni hiyo hiyo, ukikuta Acacia Avenue jua ni Mwingereza bado yupo, Independence Avenue ni baada ya 1961, na Samora ndiyo ya leo.

KitukuuWaKisutu
Asante sana. Bahasha moja ina twiga. Mbili zina picha ya mfalme na maandishi ya India, muhuri wa nyuma unasomeka "MAND" halafu umefutika.

Dawati_la_Upanga
Mandvi hiyo. Ila usishangilie mapema: Mandvi ni bandari, na watu wa vijiji vya ndani walituma barua kupitia huko. Umepata mlango, nyumba bado.

Rojmel
Naomba nikae na hilo daftari maana ndimo mlimo na mali. Hesabu za Kigujarati zina vitabu viwili vikuu: rojmel, yaani kitabu cha kila siku cha fedha iliyoingia na iliyotoka, na khatavahi, yaani kitabu cha kila mteja na deni lake. Utavijua hivi: kama kila ukurasa unaanza na tarehe, ni rojmel. Kama unaanza na jina la mtu, ni khatavahi. Ukibahatika ni khatavahi, kwa sababu mna majina ya waliomkopesha jora na waliokopeshwa doti.

Ukurasa umegawanyika katikati. Kushoto ni jama, kilichoingia. Kulia ni udhar, kilichotoka au alichokopeshwa mtu. Waliozoea vitabu vya benki hugeuza na kumfanya mdai kuwa mdaiwa.

Namba sasa. Moja ya Kigujarati inafanana na tisa yetu, na watu wanadakwa hapo kila siku. Tano inafanana na herufi u yenye mkia. Halafu kuna vijiti vilivyosimama baada ya namba: kijiti kimoja ni robo, viwili nusu, vitatu robo tatu. Ukiona 5 na vijiti viwili, ni tano na nusu. Ukisoma 511 umemtajirisha marehemu bure.

Fedha inakupa umri wa kurasa. Rupia ya ana 16 na pesa 64 ni mfumo wa zamani. Sehemu za mia ni heller, ambazo Wajerumani walizianzisha 1904. Shilingi zinaingia 1921. Hapo angalia kitu kimoja: madeni yote yataruka mara mbili kwa siku moja. Mteja aliyekuwa na 340 ukurasa unaofuata ana 680. Si riba, wala babu yako hakuwa mla riba. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi 2. Ukiupata ukurasa wa mruko huo umepata msumari wa kutundikia tarehe nyingine zote.

Tuandikie tarehe moja kama ilivyo, herufi kwa herufi.

KitukuuWaKisutu
Nimemsomesha jirani anayejua Kigujarati. Anasema imeandikwa "Samvat 1980, Shravan vad" halafu namba iliyoliwa, halafu "Shukra". Akasema ni 1924.

Rojmel
Jirani yuko sahihi nusu. Samvat ni Vikram Samvat, na mwaka wake wa Gujarat unaanza baada ya Diwali. Kuanzia Diwali hadi 31 Desemba toa 57, kuanzia Januari hadi Diwali inayofuata toa 56. Shravan huangukia karibu na Agosti, kwa hiyo 1980 kutoa 56 ni 1924. Hesabu safi.

Tatizo ni kwamba huyu ni mtu wa Kutch. Kutch na Halar, yaani upande wa Jamnagar, mwaka wao unageuka mwezi wa Ashadh, Juni au Julai, kabla ya Diwali kwa miezi kama minne. Kwa kalenda hiyo, Samvat 1980 ilianza katikati ya 1923, na Shravan yake ni Agosti 1923. Mwaka mzima tofauti, na ni kwa ile miezi minne tu kati ya Ashadh na Diwali. Miezi mingine minane kalenda zote mbili zinakubaliana, ndiyo maana kosa hili halionekani mpaka cheti cha kuzaliwa kikatae kulingana na daftari.

Namna ya kujua: funua daftari taratibu uone namba ya mwaka inabadilika wapi. Ikibadilika Ashadh ni kalenda ya Kutch. Ikibadilika Kartak, baada ya Diwali, ni ya Gujarat. Usiamini asili ya mtu peke yake, kuna Wakutchi wengi mjini waliofungua vitabu Diwali kwa sababu wenye maduka makubwa waliowakopesha walifunga hesabu zao Diwali.

Kagua pia kwa siku ya wiki. "Shukra" ni Ijumaa. Sud ni nusu ya mwezi unaokua, vad ni nusu unaopungua. Ukiipata ile namba iliyoliwa, jaribu miaka yote miwili kwenye kalenda ya kubadilisha tarehe. Mara nyingi ni mmoja tu utakaoangukia Ijumaa.

Mzee_wa_Jora
Naongeza kwa Rojmel. Mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi Tanganyika walifunga maduka kwa wiki kadhaa kupinga sheria za kodi ya faida na leseni. Moja ya mambo yaliyowachoma ni matakwa kwamba hesabu zisiandikwe tena Kigujarati. Daftari lako ni la miaka hiyo hiyo. Ukikuta wiki kadhaa upande wa mauzo ni mweupe kisha biashara inaendelea kwa mkono ule ule, usidhani alisafiri au aliugua. Linganisha kwanza na mgomo. Na ukishajua pengo ni la mgomo, unahesabu miezi kwenda mbele hadi Shravan yako bila hata kalenda.

Rojmel
Hii sikuifikiria. Safi mzee.

Jambo la mwisho kwangu: hati ya wafanyabiashara huandikwa bila irabu na bila mstari wa juu, wenyewe waliita herufi zilizonyolewa. Kuna mzaha wa kale India wa barua iliyokusudiwa "kaka Ajmer gaya", baba mdogo kaenda Ajmer, ikasomwa "kaka aj mar gaya", baba mdogo kafa leo, watu wakaangua kilio. Kwa hiyo kijana aliyesoma Kigujarati shuleni anaweza kushindwa ukurasa wako kabisa na si kosa lake. Tafuta mzee aliyeshika vitabu vya duka. Na lugha yenyewe inaweza kuwa Kikutchi kilichovalishwa herufi za Kigujarati, msomaji anatamka vizuri lakini haelewi anachotamka.

BintiKitenge
Sasa kile kibao. Khatri ni ukoo wa watia rangi na wachapa nguo, kwa hiyo babu yako alikuwa mchapa nguo hapa Dar. Hilo limeisha.

Mzee_wa_Jora
Halijaisha mwanangu. Kazi ya ukoo ni kitu kimoja, kazi ya mtu ni kingine. Majina ya namna hii ni mengi: Darji ni fundi cherehani, Kapadia na Doshi ni wauza nguo, Vankar ni mfumaji, Rangwala ni mtu wa rangi. Wenye majina hayo leo ni madaktari na marubani. Jina linakwambia ukoo ulifanya nini zamani, halikuambii yeye alifanya nini Kichwele.

Ila kibao ni ushahidi, tukisome vizuri. Vibao vya kuchapia vya Kutch huchongwa kwa msaji, kwa sababu haupindi ukilowana na kukauka kila siku. Vitundu ni vya kupitisha hewa na rangi iliyozidi, bila hivyo hewa inanaswa chini ya kibao na chapa inatoka na madoa meupe. Kibao cha pambo la ukutani huwa hakina vitundu. Tazama pembe zake: kuna vijisehemu vilivyoinuka vya kulenga ili chapa ya pili ikae sawasawa na ya kwanza? Je, mistari iliyochongwa ni myembamba ya kuzunguka maua tu, au maua yamejaa? Cha mistari tu huitwa rekh, na hakikufanya kazi peke yake, kilikuwa na wenzake wa kujaza, datta na gad, kila rangi na kibao chake. Ukiwa na rekh pekee, seti ilibaki kwa mtu mwingine, pengine kwa ndugu kule kule.

Kwenye nyufa kutakuwa na mabaki. Usioshe wala usipake mafuta. Nyeusi ya ajrakh, nguo za kuchapwa kwa vibao za Kutch, hutokana na vyuma chakavu vilivyochachushwa na sukari guru, nyekundu hutokana na shabu na alizarini, buluu ni nili. Weupe mgumu kama saruji ni chokaa na gundi ya mti, hiyo ni ya kuzuia rangi isiingie. Kibao chenye chokaa kilitumika kazini hasa.

Lakini alichokiuza Dar utakijua kwa daftari. Mwambie msomaji atafute maneno haya, mengi yanatamkika karibu sawa na yetu: merikani, kaniki, bafta, kanga, doti, jora. Kama upande wa kulia kuna chokaa, nili, shabu na kuni nyingi kila mwezi, alikuwa anatia rangi. Kama kuna jora na marobota tu, alikuwa muuzaji. Kwa vipimo vya zamani shuka ni yadi 2, doti ni yadi 4, jora la merikani yadi 30. Jora 10 zikiingia yadi 300 ndipo anaweza kutoa doti 75. Doti zilizotoka zikizidi hapo, kuna jora zilizoingia ambazo hazikuandikwa ukurasa huo. Zitafute kwenye khatavahi ya aliyemkopesha.

BintiKitenge
Nimekubali mzee. Basi niseme ninachokijua: kama kuna nguo iliyobaki kabatini, usiitupe. Majora ya kutoka Manchester yalibandikwa karatasi za rangi zenye picha na jina la msafirishaji. Kanga ina maandishi, na ukikuta maandishi hayo ni ya herufi za Kiarabu, kanga ni ya zamani, herufi za Kirumi zilichukua nafasi baadaye. Pembeni angalia alama ya mwenye muundo, kama ile KHE ya "Mali ya Abdulla" ya Mombasa iliyoanza 1887. "Made in Japan" inakupeleka miaka ya 1930, ya kiwanda cha Urafiki ni 1968 kwenda mbele. Nguo ya 1968 haimhusu babu mkuu, ila inaweza kukuonyesha duka lilikuwa bado hai.

Mpemba_Hodari
Vipi meli? Si tungeangalia orodha za abiria tu tukamaliza?

Dawati_la_Upanga
Kila mtu anakimbilia huko kwa sababu Wamarekani wana orodha nzuri za abiria. Hapa ni tofauti. Majahazi yaliteremka na kaskazi, Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi, na abiria wa jahazi kwa kawaida hakuandikwa popote isipokuwa kichwani mwa nahodha. Meli za British India zilifika Zanzibar kuanzia 1872, za Deutsche Ost-Afrika Linie kuanzia 1890, na maelfu walisafiri sitahani na tiketi bila chumba. Meli waache mwisho kabisa. Ukiwa na mwaka na bandari ndipo zinapokuwa na maana.

Wengi pia walishukia Zanzibar kwanza, wakafanya kazi dukani kwa ndugu miaka kadhaa, ndipo wakavuka. Kama Dar huoni kitu kabla ya mwaka fulani, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani ndipo pa kwenda, wana kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza na hati za mikopo na rehani.

Kurrent1905
Nimeona stempu ya zamani kabisa hapo ni twiga, kwa hiyo Mjerumani anaweza kuwa hahusiki. Ila kama daftari lina heller hata ukurasa mmoja, soma haya.

Gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilichapishwa hapa Dar kuanzia 1899 hadi 1916, na Maktaba ya Taifa ya Berlin imeliweka mtandaoni bure. Majalada ya wizara ya makoloni yako Bundesarchiv, fungu R 1001, nayo yameskaniwa. Huhitaji viza wala nauli, unahitaji subira.

Usitafute jina kwa tahajia yetu. Mjerumani aliandika alichosikia: J ni "Dsch", sh ni "sch", ch ni "tsch", V ni "W". Jamal ni Dschamal, Jiwan ni Dschiwan, Khatri inaweza kuwa Chatri au Katri. Mji wenyewe ni Daressalam, neno moja. Halafu herufi za Fraktur, chapa ya zamani ya Kijerumani, zina s ndefu inayofanana na f, kompyuta inaposoma inakosea, kwa hiyo Hassan anakuwa Haffan. Tafuta Haffan. Sitanii.

Maneno ya kusaka: Inder (Mhindi), Händler (mfanyabiashara), Schneider (fundi cherehani), Färber (mtia rangi), Konkurs (kufilisika), Nachlass (mirathi). Konkurs ndiyo tamu kwetu, kwa sababu tangazo la kufilisika linataja duka, mji na tarehe. Watu wa nguo walikopeshana sana, msimu mmoja mbaya wa mazao bara ukiwagusa wateja, duka la pwani linayumba.

Wakili_wa_Kivukoni
Upande wa sheria nitakwenda haraka, ila mirathi nitakaa nayo.

Vizazi na vifo viko RITA, wakala wa usajili, Mtaa wa Makunganya. Sheria ya usajili ni ya 1920, na kwa miongo mingi usajili wa lazima ulihusu Wazungu na Waasia, kwa hiyo kwa familia yako nafasi ni nzuri kuliko kwa wengi wetu. Usiombe kwa jina la babu mkuu. Omba cheti cha kifo cha mtoto wake au cha kuzaliwa kwa mtoto wake wa mwisho aliyezaliwa Dar, hao ndio miaka yao mnaijua. Jina la baba litakuja jinsi karani wa wakati ule alivyoliandika, na hiyo ndiyo tahajia ya kwenda nayo ofisi nyingine. Hujui mwaka? Andika kipindi, kwa mfano 1926 hadi 1931, pamoja na wilaya. Fomu isiyo na kipindi inarudi na jibu la "haikuonekana", na watu wanadhani ni jibu la mwisho.

Gazeti la Serikali la Tanganyika. Hili ni hazina na halisomwi. Lina matangazo ya mirathi, ya ushirika wa biashara kuvunjwa, na ya walioomba uraia. Kipindi cha kukagua bila kukosa ni Desemba 1961 hadi Desemba 1963. Siku ya uhuru aliyezaliwa hapa akiwa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa alikuwa raia moja kwa moja, wengine waliozaliwa hapa walipewa miaka miwili kujiandikisha. Familia iligawanyika dukani humo humo: mmoja raia, mwingine pasi ya Uingereza. Ukijua mtoto yupi wa babu mkuu alilazimika kujiandikisha na yupi hakulazimika, umejua kama mkewe alizaliwa hapa.

Mirathi. Mwenye duka akifa, madeni hayafi. Jalada la mirathi Mahakama Kuu huwa na orodha ya mali, wadai, wadaiwa na warithi, na warithi wanatajwa na makazi yao. Ndugu aliyebaki Kutch anatajwa na kijiji, kwa sababu fungu lake lilipaswa kumfikia. Wewe unayetafuta kijiji, hapa ndipo nitakapoweka shilingi yangu. Mpangilio: tangazo kwenye Gazeti la Serikali linakupa namba na mwaka wa shauri, namba hiyo ndiyo unayopeleka masjala. Ukienda na jina tupu utaambiwa rudi kesho, na kesho haina mwisho.

Kiwanja. Ubao una mtaa, daftari linaweza kuwa na kodi ya pango. Akiwa mpangaji, kumbukumbu ni ya mwenye nyumba. Akiwa mwenye nyumba, tafuta hati kwa namba ya Plot na Block. Hati za kumiliki moja kwa moja ziligeuzwa za kupanga kwa serikali 1963, kwa hiyo hati mpya itataja ya zamani. Halafu 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliingia Shirika la Nyumba la Taifa 1990. Jengo likiwa mikononi mwa Shirika leo, jalada lake linaweza kuanza na jina la mmiliki wa 1971.

KitukuuWaKisutu
Wakili, tangazo la gazeti nalipata wapi? Na Nyaraka za Taifa wanataka nini mlangoni?

Dawati_la_Upanga
Magazeti ya Serikali yako Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, na kwenye mkusanyiko wa East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani. Mlimani pia ulizia Tanganyika Opinion na Tanganyika Herald, yalikuwa ya Wahindi na yana kurasa za Kigujarati zenye matangazo ya maduka.

Vijibweni nenda na kitambulisho, barua ya utambulisho, penseli na karatasi nyeupe. Kalamu ya wino iache nyumbani. Asiye raia anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza. Anza na madaftari ya orodha, uandike namba za majalada, ndipo ujaze fomu ya kuomba. Ukiomba kwa mada, "Wahindi wa nguo Dar", mhudumu hana la kukuletea. Majalada ya Kijerumani yana namba zinazoanza na G. Asubuhi omba majalada ya siku nzima ili usikae ukisubiri moja moja.

Soma Gazeti kwa fahirisi ya mwishoni mwa mwaka, na tafuta namba ya sanduku la posta sawa na jina. Sanduku halina tahajia. Picha yako ipige upya mchana, ukiiegemeza ili mwanga wa dirisha uje kwa ubavu, maandishi yaliyofifia huinuka. Usiisugue kwa kitu chochote.

Mzee_wa_Jora
Na Kutch? Wengine humu watasema panda ndege. Bado. Tetemeko la 26 Januari 2001 liliangusha Bhuj na vijiji vingi, Dhamadka ya wachapa nguo wa Khatri ikiwemo. Mto wake ulipoharibika maji, baadhi yao walihama wakajenga Ajrakhpur. Kwa hiyo kijiji ulichopewa na jalada la mirathi kinaweza kuwa kimehama na watu wake. Kinachofaa ni kuuliza jumuiya ya Khatri ya kule ukiwa na majina ya vizazi vitatu, jina la tawi la ukoo, na picha ya kibao. Nakshi za vibao zina majina, na mchapa nguo mzee ataisoma kama sisi tunavyosoma kanga. Baadhi ya koo za Gujarat zina vahivancha, watunza nasaba wanaopita nyumba hadi nyumba na vitabu vyao, ila huandika wanaume, kwa hiyo dada za babu msiwatarajie.

BintiKitenge
Daftari likae wapi kwa sasa? Dar hii na unyevu wake.

Rojmel
Lisitiwe plastiki likafungwa, litavuja jasho na kuota ukungu. Lisipigwe laminesheni hata ukurasa mmoja. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi, liweke kabatini mbali na ukuta wa nje, liwe limelala. Kurasa zilizoshikana usizivute. Piga picha kila ukurasa kuanzia jalada hata ulio mtupu, maana mtupu ndio tunaoutafuta kwa mgomo, na andika namba ya picha kwenye karatasi pembeni, si kwenye daftari.

KitukuuWaKisutu
Nimefunua hadi kurasa za kati. Mwaka unabadilika kutoka 1979 kwenda 1980 katikati ya ukurasa, na mwezi ulioandikwa hapo ni Ashadh. Kurudi nyuma miezi kama miwili upande wa mauzo kuna kurasa nne nyeupe, upande wa kulia kuna pango tu. Na upande wa kulia wa Shravan jirani amesoma "nili" mara tatu.

Rojmel
Agosti 1923 basi, dada.

Mzee_wa_Jora
Na nili mara tatu. Hebu nione kipimo kilichoandikwa pembeni yake kabla sijamwomba radhi BintiKitenge.

KitukuuWaKisutu
Sehemu ya kipimo ndiyo iliyoliwa na mende. Sanduku la posta kwenye picha limeonekana tarakimu tatu. Naenda Vijibweni Jumatatu.

Dawati_la_Upanga
Jumatatu ni sikukuu. Nenda Jumanne, asubuhi.